Fundi Gundi na Kenge wa Kitabu cha Tano

Ukitaka kumuudhi Fundi Gundi, shika kitabu kwa jalada moja tu, kining'inie kama kuku anayepelekwa sokoni. Kwa miaka thelathini na minne alikaa katika chumba cha chini cha maktaba, chumba chenye dirisha moja lililo usawa wa viatu vya wapita njia, akishona, akibandika na kunyoosha vitabu vilivyoharibiwa na watu wasio na adabu. Maneno hayo ni yake, si yangu. Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye faili la ofisi, na mkewe alilitumia siku za ugomvi tu. Siku nyingine zote, kazini na mtaani, alikuwa Gundi. Vidole vyake havikukosa ukoko wa gundi iliyokauka, na alikuwa na tabia ya kuubambua taratibu huku akiongea na wageni, jambo lililomtia mkewe aibu kila walipokuwa mezani.

Kazi ilikuwa na utaratibu wake. Kila Jumatatu kreti la vitabu wagonjwa lilishushwa kwa ngazi, kila kitabu kikiwa na kikaratasi kinachosema kinaumwa wapi: ukurasa fulani umechanika, mgongo umeachia, jalada limeng'oka. Ifikapo Alhamisi vitabu hivyo vyote vilikuwa vimepanda juu vikiwa wazima. Aliyeandika vikaratasi hivyo alikuwa mkutubi wa juu, mama mmoja mrefu mwenye miwani ya kamba, ambaye watu walimwita Mama Kimya kwa sababu hilo ndilo neno ambalo wasomaji wengi waliwahi kulisikia kutoka kinywani mwake. Kwa miaka ishirini yeye na Gundi waliongea kwa vikaratasi. Kitabu kizima hakishuki chini, na fundi hapandi juu. Hakuna aliyekumbuka nani aliweka sheria hiyo, na ndiyo maana hakuna aliyethubutu kuivunja.

Mtaani Gundi alihesabiwa msomi. Watu walisema, mtu ameishi na vitabu umri wote huo, atakosaje kuwa na hazina kichwani? Walimletea barua ngumu, wakamwomba ushauri, na penye mabishano wakamfanya mwamuzi. Gundi alitikisa kichwa polepole, akasema "inategemea", na sifa yake ikazidi kukua.

Ukweli wake aliujua yeye peke yake. Katika maisha yake yote Fundi Gundi hakuwahi kumaliza kitabu hata kimoja.

Kisa kilianzia shuleni, darasa la tano, siku alipoitwa mbele kusoma kwa sauti. Ukurasa wa kwanza aliupita, wa pili akaupita kwa jasho, wa tatu akakwama. Darasa likacheka, na mwalimu naye akacheka, na hilo ndilo lililouma. Mwaka huohuo aliacha shule akaenda kujifunza kazi. Tangu hapo kitabu kizima kilimtisha. Ukurasa mmoja alisoma bila taabu, na siku akiwa na nguvu hata miwili. Lakini akikumbuka kwamba nyuma yake kuna mingine mia tatu inamsubiri, alihisi kicheko cha darasa zima kisogoni.

Ufundi ulimpa mahali pa kujificha. Mzee aliyemfundisha kazi alikuwa na msemo wake: "Fundi akisoma, gundi inakauka." Kwa hiyo Gundi alisoma ukurasa uliochanika tu, wakati akingojea gundi ishike, kisha akakibana kitabu chini ya chuma na kuchukua kingine. Kwa namna hiyo alipita nusu ya maktaba, ukurasa huku, ukurasa kule, kama mpishi anayeshiba kwa kuonja. Mganga hajigangi, walisema wahenga, na hapa waliona mbali.

Ndipo ikaja Wachunga Mawingu.

Ilikuwa hadithi ndefu ya vijana, vitabu saba vinene vyenye majalada ya buluu, juu ya binti anayechunga mawingu kama wenzake wanavyochunga mbuzi. Mfalme wa Vumbi amemwibia kundi lake lote, nchi imekauka, na binti amebakiwa na wingu moja dogo analolificha ndani ya kibuyu. Anasafiri na kenge mnene, mlalamishi, anayechechemea mguu wa nyuma. Hadithi hiyo iliwashika watoto wa mji mzima kama homa. Vilipopanda Alhamisi, vilirudi chini Jumatatu ya tatu vikiwa hoi.

Gundi aliifuata kwa majeraha yake. Alijua kurasa za kutisha, maana zilikunjwa pembe na mkono uliokimbia. Kurasa za kuchekesha zilinata, kwa kuwa watu hucheka wakila. Na kurasa za huzuni zilikuja zimevimba, zina mawimbi, wino umetanuka kidogo pale tone lilipoangukia.

Hakuna ukurasa uliokuja umevimba kama ukurasa wa mia mbili na kumi na nne wa kitabu cha tano. Maktaba ilikuwa na nakala nne, na katika miaka saba Gundi aliutibu ukurasa huo mara tisa. Hapo pango linaporomoka. Kenge anauzuia mlango kwa mwili wake ili binti apite na kibuyu chake, mawe yanamwangukia, na anasema, "Nakufa, binti yangu. Nenda, wala usinisubiri." Binti anapanga mawe juu yake, anambusu mkia uliobaki nje, anaondoka. Sura inaishia hapo, na ukurasa unaofuata unahamia kwenye jumba la Mfalme wa Vumbi, mbali kabisa.

Mara ya kwanza Gundi aliposoma maneno hayo aliweka brashi chini. Alikaa tu. Gundi ikakauka kwenye kopo, kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi. Jioni ile hakugusa chakula.

"Una nini leo?" mkewe aliuliza.

"Kenge amekufa."

"Kenge gani?"

"Wa kazini."

Mkewe alisimama, akaanza kutafuta mtandio wa kwenda msibani. Alipoelezwa vizuri alikaa tena, akasogeza bakuli karibu naye. "Kula, baba. Aliyekufa hata hakuzaliwa," alisema. Lakini tangu siku hiyo, kila mumewe aliporudi na uso mzito, alimuuliza kama ni yule kenge tena, na mara nane nyingine alikuwa ni yeye.

Sasa fundi alibakiza wiki tatu astaafu. Kitabu cha saba, cha mwisho, kilikuwa juu tangu mwaka uliopita na hakijashuka hata mara moja. Kilishonwa vizuri kiwandani, na ni watoto wachache waliokuwa wamekifikia. Gundi alitaka kujua jambo moja tu: je, yule binti alifika na kibuyu chake, mvua ikanyesha? Ikiwa alifika, kifo cha kenge kilikuwa na faida. Ikiwa hakufika, basi mnyama wa watu alikufa bure, na yeye Gundi angekwenda kukaa nyumbani na donge hilo kifuani mpaka siku ya kuzikwa.

Jumatatu ya kwanza kreti lilishuka bila kitabu cha saba. Jumatano akapiga moyo konde, akapanda ngazi.

Mama Kimya aliinua macho. "Fundi? Kuna tatizo?"

"Hapana, mama. Nakagua migongo."

"Migongo gani?"

"Ya vitabu. Kabla sijaondoka."

Akaenda moja kwa moja kwenye rafu ya vijana. Kitabu cha saba kilikuwepo, buluu tupu, kimenyooka kama askari mgeni. Alikitoa, akakigeuzageuza. Kilikuwa kizima kila upande. Maisha yake yote aliwasifu watu wanaoshona vitabu imara, na siku ile aliwalaani kimoyomoyo mmoja baada ya mwingine. Akatazama kushoto, akatazama kulia, kisha kwa kidole gumba akajaribu kulivuta jalada kidogo, aone kama lina nia yoyote ya kuachia.

"Fundi," ilisema sauti nyuma yake. "Unafanya nini?"

"Nakagua."

"Na umeonaje?"

"Kiko imara," alisema kwa uchungu, akakirudisha, akashuka chini bila kugeuka. Ngazi zilimwona mfupi siku hiyo, maana aibu humwinamisha mtu shingo.

Jumatatu iliyofuata, juu kabisa ya kreti, kitabu cha saba kilikuwa kimelala. Kikaratasi kilisema: "Karatasi ya mbele imechanika."

Moyo ulimruka. Alinawa mikono, akakausha, akafungua. Furaha yake haikudumu hata pumzi tatu. Gundi alijua michaniko kama wewe unavyowajua watoto wako. Karatasi iliyovutwa na mkono hupasuka ikiyumba na kuacha manyoya. Hii ilikuwa imekatwa kwa wembe, kando ya rula, mstari mmoja safi kutoka juu mpaka katikati. Tena ilikuwa karatasi tupu, ile isiyo na neno lolote, inayotangulia ukurasa wa kwanza. Mtu alikuwa amekaa chini akakiumiza kitabu kwa makusudi, tena kitabu kile.

Alipanda ngazi mbili mbili, umri wake akiwa ameusahau chini.

"Nataka jina," alisema mbele ya meza ya Mama Kimya. "Aliyeazima kitabu hiki mara ya mwisho. Huyu hakukichana, amekikata. Kwa wembe. Kuna tangazo pale mlangoni, mwenye kuharibu kitabu kwa makusudi asiazime mwezi mzima. Mimi nasema miaka miwili."

Mama Kimya alivua miwani. Masikio yake yalikuwa yameiva.

"Mwezi unatosha," alisema kwa sauti ndogo. "Nimeshaanza kuutumikia. Tangu Ijumaa sijaazima kitu."

"Wewe?" Gundi aliuliza.

"Sheria inasema kitabu kizima hakishuki," Mama Kimya aliendelea. "Nawe huombi. Miaka yote hii kamusi unazirudisha siku inayofuata, lakini Wachunga Mawingu lazima vingoje Alhamisi. Nilifikiri, huyu anavisoma, akiondoka ataujuaje mwisho? Nikangoja kitabu cha saba kichanike chenyewe. Kikakataa. Juzi nikakuona unakivuta jalada, nikajua sote wawili tumechoka kungoja." Alifuta miwani ambayo haikuwa na vumbi. "Nilikusudia kukata ukurasa wa mwisho, ili uupate mwisho wenyewe. Nikashika wembe, mkono ukagoma. Sikuweza kukata maneno. Nikakata pale pasipo na kitu."

Mwanamke huyu alikuwa amewafukuza watu kwa kukunja pembe ya ukurasa. Gundi alitafuta hasira yake, hakuiona tena ilipokwenda. Alivuta kiti, akaketi bila kukaribishwa, na kwa kuwa siku hiyo sheria zilikuwa zimeshavunjika zenyewe, naye akasema lake.

"Mama, mimi sijawahi kumaliza kitabu."

"Kitabu gani?"

"Chochote." Akabambua ukoko wa gundi kidoleni. Akamweleza darasa la tano, ukurasa wa tatu, kicheko cha mwalimu, na jinsi alivyoishi kwa kuonja. Aliongea akitazama meza. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na Gundi alihisi ameumbuliwa kweli, ila hakuhisi kufa. Alihisi wepesi.

Mama Kimya hakucheka. Alifungua mtoto wa meza, akatoa fomu ya uanachama, akaiandika mwenyewe, akiuliza alichokuwa hakijui. Kwenye nafasi ya kazi aliandika "fundi". Kisha akaenda rafuni, akarudi na kitabu cha kwanza.

"Cha saba kibandike, ukirudishe. Hakuna ruhusa ya kuanzia mwisho. Anza na hiki."

"Nikikwama ukurasa wa tatu?"

"Njoo nikwambie wa nne una nini."

Alhamisi ile kitabu cha saba kilipanda juu na karatasi yake tupu imebandikwa, hata mwenye kuikata asione alipokata. Kilikaa siku tatu chini ya chuma mbele ya macho ya Gundi, na mwisho wa hadithi ulikuwa umbali wa kidole kimoja. Hakuufungua. Hilo kwangu mimi ni kubwa kuliko mambo mengi aliyosifiwa siku ya kuagwa, ambapo mkubwa wa ofisi alimwita "msomi wetu" mara tatu, na Gundi na Mama Kimya wakatazama dari.

Nyumbani alianza kusoma kwenye kibaraza, kila baada ya chakula cha mchana. Mkewe, aliyekuwa akichambua mchele kando yake, aliona mumewe amefika ukurasa wa tatu na jasho limemtoka.

"Kuna joto?"

"Hapana."

"Basi soma kwa sauti, nami nisikie. Mchele hauna habari."

Akasoma kwa sauti. Alikwama mara nne, na hakuna aliyecheka. Mkewe alisema tu, "Rudia hapo, sikusikia vizuri," na akirudia, neno lilitoka. Ukurasa wa nne ukaja wenyewe.

Kwenye ukurasa wa thelathini na moja kenge alitokea kwa mara ya kwanza. Ukurasa huo haukuwahi kuchanika, kwa hiyo Gundi hakuwahi kuuona. Ulisema hivi: kenge huyo hakuwahi kusema kweli hata siku moja tangu atoke kwenye yai. Akisema ameshiba, mpe chakula. Akisema kesho kuna jua, jifunike.

Gundi aliacha kusoma.

"Vipi?" mkewe aliuliza.

"Hakuna kitu." Lakini kidole chake kilirudi kwenye mstari ule, kikakaa. Maneno ya ukurasa wa mia mbili na kumi na nne aliyajua kwa moyo. Ameyabandika mara tisa. Nakufa, binti yangu. Aliyasema kenge. Kenge ambaye hajawahi kusema kweli. Gundi alihisi kitu ambacho mtu wa miaka sitini hukionea haya: tumaini la kitoto, tena kwa mnyama wa kwenye karatasi. Hakulitamka, asije akalivunja.

Kuanzia hapo alisoma kama mtu anayefuata nyayo za mwizi wake. Cha kwanza kilimchukua wiki tano. Alipokifunga alikaa nacho mapajani mpaka jua likahama kibarazani, kisha akasema, "Nimekimaliza," na mkewe, ambaye sasa alijua habari yote, aliacha sufuria jikoni akaja kuketi naye. Cha pili, wiki tatu. Njiani alikutana na kazi yake mwenyewe, kidole kikigusa ukingo wa karatasi nyembamba aliyoibandika zamani, na safari hii alijua binti ametoka wapi na anakimbilia wapi. Cha tatu. Cha nne. Kila akipanda kukirudisha, Mama Kimya alimtazama juu ya miwani, naye akasema, "Bado," na mama akapiga muhuri.

Mchana alioufikia ukurasa wa mia mbili na kumi na nne wa kitabu cha tano, mkewe alisukuma ungo pembeni. Gundi aliusoma polepole. Pango, mawe, mkia. Tone likaongezeka pale walipodondosha wengine. Kisha akafungua ukurasa. Jumba la Mfalme wa Vumbi. Akasoma. Akafungua tena. Ukurasa wa mia mbili na kumi na tisa, safi, laini, haujawahi kuguswa na gundi, ulirudi pangoni. Mawe yakasogea. Kenge akatoa kichwa, akakohoa vumbi, akalitangazia bonde tupu: "Nimekufa kabisa."

Mkewe ndiye aliyeanza kucheka. Gundi alilia kwanza, waziwazi, akasema, "Mzima. Mke wangu, yu mzima," kisha naye akacheka mpaka miwani ikamwanguka. Miaka saba. Na katika kitabu cha sita aliwahi kuona kenge akitajwa, akadhani ni kumbukumbu za wafiwa. Watoto wote wa mji walilia ukurasa ule, wakafungua wa mbele, wakafuta macho. Ukurasa wa furaha hauchaniki, kwa hiyo haukushuka chini.

Hakungoja kesho. Alivaa viatu akaenda maktaba, akasimama mbele ya meza ya Mama Kimya akiwa anahema.

"Hakufa," alisema.

Mama Kimya alielewa papo hapo. "Kwani ulidhani amekufa?"

"Nimemzika mara tisa, mama. Kwa mikono hii."

Mama Kimya alijaribu kujizuia. Aliziba mdomo, akainamia meza, mabega yakatikisika, na mwisho kicheko kikamshinda, kikajaa chumba kizima. Vichwa vikainuka kila upande. Mama mmoja aliyekuwa akisoma gazeti karibu na dirisha aliwakazia macho wote wawili.

"Kimya," alisema.

Gundi alikwenda kwenye rafu ya vijana, akachukua cha sita. Cha saba kilikuwa kando yake, naye alikipapasa mgongo tu, akakiacha. Hakuwa na wasiwasi nacho tena.